Mkwe wa Ukutani

"Hivi Salha mwanangu, hiki kitu kikinipa shikamoo, nikiitikie marahaba, au wapitao nje wataona nimerukwa na akili?"

Ndivyo alivyouliza Mama Hiza siku kigawadawa cha kwanza cha aina mpya kilipofungwa kwake, katika jengo lao la Chumbageni, ghorofa ya juu, mlango unaotazamana na wa mama yake Salha. Salha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kiitikie, Mama Hiza. Nimekifundisha adabu, kitafurahi."

"Kitafurahi na nini, na moyo hakina?"

"Basi nitafurahi mimi."

Mama Hiza akakitazama kile kikasha cheupe, akajitanda vizuri kanga yake kama aliye mbele ya wageni, akasema, "Marahaba, baba." Tangu siku hiyo hakuacha kukiitikia.

Tanga ya zama hizo ilikuwa imegeuka, aliyeiacha miaka mingi angepotea ndani yake. Mchicha na bamia vilipandwa ubavuni mwa majengo, juu kabisa, na vifagizi vya chuma vilipita barabarani alfajiri bila kupiga kelele. Treni ya sumaku iliteleza kwenda Korogwe na kurudi kabla birika halijachemka. Angani walipita nyuki-mzigo, vile vyombo vidogo vya mbawa nne vinavyobeba vifurushi toka duka hadi dirishani. Lakini kwa wazee wa Chumbageni, katika vitu vyote hivyo, kilichoingia ndani ya maisha yao kilikuwa kigawadawa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Daktari akishaandika dawa hospitalini, kikasha kilichoko nyumbani kwa mgonjwa kinapata maagizo palepale. Nyuki-mzigo analeta vidonge, kikasha kinavimeza na kuvihifadhi. Saa ya dawa ikifika kinamtazama mgonjwa uso, kinamwamkia, kinamuuliza maswali machache. Majibu yakiwa sawa, kidonge kimoja kinadondoka katika kisahani, na kikasha kinangoja mpaka maji yanywewe gilasi nzima.

Vile vya mwanzo vilikuwa na sauti kavu ya askari wa getini. "Meza dawa sasa." Wazee walivifunika kwa kanga, na mmoja wa ghorofa ya chini alikigeuza chake kikaangalia ukuta, akasema hawezi kuamrishwa na sanduku nyumbani kwake. Hapo ndipo Salha Kilua, mhandisi wa lugha za mashine, alipoitwa. Akakaa na kazi ile mwaka mzima. Akakipa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri, mwenye lafudhi ya Pangani, asiyeanza neno bila kusalimu. Akapunguza maswali. Mojawapo lilikuwa linauliza habari za choo cha mgonjwa, likoje na lina rangi gani. Salha akalifuta, maana kijana gani mwenye adabu anamuuliza bibi yake mambo ya chooni? Lile la chakula akalilainisha. Zamani lilikuwa, "Thibitisha kwamba tumbo halipo tupu." Yeye akaliweka kama watu wanavyoulizana: "Umekula, bibi?"

Wazee wakakipenda. Wakakiita Mkwe, kwa kuwa anakaa ndani, ana heshima, na mbele yake mtu unaona haya.

Bi Mwanaharusi, mama yake Salha, alipewa Mkwe wake baada ya magoti kuvimba. Yabisi ya viungo ilikuwa imemshika, asubuhi goti limejaa kama papai na kulikunja hawezi. Kilichomuuma zaidi ya goti lenyewe ni sala. Sijda alikuwa haipati tena, anaswali kwenye kiti, na kila akimaliza analitazama zulia lake kama mtu anayeangalia nyumba aliyohamishwa. Daktari akamwandikia vidonge vya kutuliza uvimbe, asubuhi na jioni, baada ya chakula. Haukupita muda mrefu, akaanza kusujudu. Alimpigia mwanawe simu ya uso akilia.

"Umenirudisha chini, Salha. Mungu akuweke."

Baada ya hapo Salha alikuwa na amani. Kazi ilimpeleka Pemba, ikampeleka Moshi, ikampeleka mpaka Sumbawanga, kote huko wakifunga vigawadawa. Mkononi alivaa bangili, na mama yake akishameza dawa bangili ile huwaka kijani: amekula, amemeza, salama. Zamani alikuwa akipiga simu kila jioni na neno lake la kwanza ni hilo hilo, umekula, mama? Sasa kijani kilikuwa kinamjibu kabla hajauliza. Simu zikaanza kuchelewa. Halafu zikawa za Ijumaa.

Mama Hiza ndiye aliyemkuta. Asubuhi moja alitoka na kapu lake akamwona Bi Mwanaharusi ameketi sakafuni mbele ya lifti, mgongo ukutani, midomo imepauka na jasho linamtoka.

"Unafanya nini hapa chini, mwenzangu?"

"Napumzika."

"Hapa si pa kupumzika. Inuka."

"Ningeweza kuinuka ningekuwa nimeinuka, Mama Hiza."

Salha alifika hospitali kwa treni ya kwanza. Akamkuta mama yake kitandani, mrija wa damu mkononi, na Mama Hiza kwenye kiti pembeni akivuta tasbihi. Daktari Mhina, mtu mzima mwenye sauti ya polepole, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Bibi, niwie radhi kwa swali langu. Choo chako kikoje siku hizi?"

Bi Mwanaharusi akaangalia dirishani.

"Mama, daktari anakuuliza," Salha akasema.

"Nimesikia." Bado macho yako dirishani. "Cheusi."

"Cheusi kama lami? Kinanata?"

Akakubali kwa kichwa. Alidhani ni mboga ya majani, akasema, au ni utu uzima. Tumbo nalo lilikuwa likiunguza chini ya kifua, akawa analinywea maziwa. Na Mkwe hakuuliza habari hizo, basi akaona hazina maana kubwa.

Salha akahisi uso wake unapata moto.

Daktari akavuta kiti. "Hiki ni kidonda cha tumbo, na kimekuwa kikivuja damu kidogokidogo. Sasa nisikilize vizuri, maana sitaki uichukie dawa. Ile dawa ni nzuri. Ndani ya mwili kuna kitu kinachowasha moto kwenye kiungo mpaka kikavimba, na dawa inakizuia kisitengenezwe. Tatizo ni kwamba kitu hichohicho, kule tumboni, kazi yake ni kutandika ute unaolizuia tumbo lisijichome kwa asidi yake lenyewe. Ukikizima gotini umekipunguza na tumboni. Kwa hiyo tunasema dawa iwe kidogo kadiri inavyotosha, kwa siku chache kadiri inavyowezekana, inywewe kwa maji mengi, na tumbo liwe na chakula. Chakula hakikingi kila kitu, lakini tumbo tupu ni kulichokoza. Na usichanganye na ndugu zake. Je, kuna dawa nyingine ulikuwa unatumia?"

"Hakuna," Bi Mwanaharusi akasema.

Tasbihi ya Mama Hiza ikasimama.

"Daktari," akasema, "mimi nilikuwa nampa vyangu vya mgongo, vya kununua dukani. Akisema kichwa kinamgonga nampa. Vile vyekundu."

Daktari akaomba kuviona. Mama Hiza alikuwa navyo kwenye ncha ya kanga. Daktari akavigeuza kiganjani.

"Rangi mbalimbali, ukoo mmoja. Hivi ni sawa na kumeza dawa yake mara mbili."

"Mungu wangu. Nimemuua mwenzangu."

"Hujaua mtu, nipo hapa nakusikia," Bi Mwanaharusi akasema. "Na wewe Salha usiniangalie hivyo. Mkwe aliniuliza kama natumia dawa nyingine, nikasema situmii. Dawa ni ya daktari. Ile ilikuwa kidonge cha Mama Hiza."

Daktari akamnong'oneza Salha neno la mwisho, akatoka. Salha akaikalia pembe ya kitanda, akashika ile bangili yake.

"Na chakula, mama? Kila siku nilikuwa napata kijani. Kila asubuhi, kila jioni. Daktari anasema tumbo lako lilikuwa halina kitu, tena si siku moja."

"Nilikuwa nakunywa chai."

"Na nini?"

"Na sukari."

Mama Hiza akainamisha uso. Bi Mwanaharusi akavuta shuka. Tangu baba yako alipofariki, akasema, nikipika chungu kinanishinda, nikipakua natazama sahani moja, tonge halipiti. Najilazimisha usiku, Mungu akijalia linapita. Asubuhi na jioni mapema siwezi.

"Sasa kwa nini ukamwambia umekula?"

Mama yake akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mtu anakuuliza umekula, utamjibuje? Nimeshakula, alhamdulillahi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea."

Ndivyo kweli. Salha akajiona mdogo, amesimama kwenye mlango wa watu kule Ngamiani, harufu ya maandazi inampanda puani, mwenye nyumba anamkaribisha naye anasema nimeshiba, huku jicho la mama yake likimlinda toka nyuma. Kusema sijala kwa watu ilikuwa ni kuomba. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Akawa mhandisi, akachukua swali ambalo jibu lake katika mji mzima ni moja, akalitia ndani ya mashine, na mashine ikaliamini.

Ile mashine ya kwanza, ile kavu ya askari wa getini, wazee walikuwa wakiidanganya kwa chuki, na baadhi yao wakiiambia kweli kwa hasira: sijala, na wewe yakuhusu nini? Kikasha chake chenye adabu hakuna aliyekuwa tayari kukivunjia heshima.

Kazini akasimama mbele ya wenzake akawaeleza, na hakujificha. Mwenzake Kombo Faki, kijana wa Wete asiyependa kukaa na tatizo mpaka jioni, akawa na jibu tayari. Walikuwa wameunda punje-shuhuda, kipunje kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Mgonjwa anakimeza mara moja kwa mwezi, kinakaa tumboni, na kinakijulisha kigawadawa kama chakula kimeingia au la.

"Hatuulizi tena," Kombo akasema. "Tunajua. Kuuliza ndiko kulikotuponza."

Salha aliona ni kweli. Akaibeba punje katika kichupa, akampelekea mama yake, ambaye wakati huo alikuwa amerudi nyumbani, kidonda kinapona, vile vidonge vya uvimbe vimesimamishwa. Na magoti yalikuwa yamevimba upya. Alikuwa amerudi kwenye kiti.

Bi Mwanaharusi akakishika kichupa kwenye mwanga, akakigeuza.

"Hiki kikae tumboni mwangu?"

"Hukisikii, mama. Kinakaa tu kinaangalia."

"Aliyeniumba anajua kilichomo tumboni mwangu. Mwingine aulize."

"Tatizo ni kwamba ukiulizwa husemi."

"Basi Mkwe hataniuliza tena?"

Mama yake aliuliza kama mtu anayeambiwa fulani amehama.

"Salha, kaa hapa. Usinione mjinga. Najua kile ni kikasha. Lakini tangu umepata kazi hizo za mbali, yeye ndiye peke yake anayeniuliza habari ya chakula. Namjibu vizuri kwa sababu ameuliza vizuri. Ningemwambia sijala, angefanya nini? Ana jiko? Ana chungu? Humwambii mtu sijala kama hana cha kukupakulia. Unamtia aibu yeye, na wewe unabaki na njaa yako palepale."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe uliniuliza lini?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeuliza siku ya mwezi, kisha akainuka kwa kushika meza, akaenda kutia udhu. Salha akabaki na kichupa. Alipoondoka aliondoka nacho.

Akaomba asipangiwe safari kwa muda. Akakifungua kikasha cha mama yake kwa mkono wake, akayapanga maneno upya. Swali la choo akalirudisha, kwa maneno ya staha lakini wazi. Swali la dawa akalifanya liulize kidonge chochote, kiwe cha duka, cha jirani au cha mitishamba. Na lile la chakula likawa, "Umekula nini, bibi, na saa ngapi?" Alijiambia kwamba mtu anaweza kusema nimekula bila kufikiri, lakini kutaja chakula ambacho hakipo, hapo ulimi utajikwaa.

Daktari Mhina alikubali kwa shingo upande kuirudisha dawa ya uvimbe. Kwa mwingine angekataa kabisa, akasema. Alimpa kwanza dawa ya kulinda tumbo, ya kumeza asubuhi, halafu kile cha uvimbe kwa kipimo kidogo, kimoja tu kwa siku baada ya chakula cha mchana, kwa wiki chache. "Lakini akikimeza na tumbo tupu hata siku moja, nafunga, na sitafungua tena. Tumbo lile likivuja mara ya pili huenda tusimuwahi."

Siku ya kwanza Salha alikuwepo. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, baada ya adhuhuri, akamkuta Mama Hiza sebuleni anashona ukingo wa kanga na anamsimulia mama yake habari za mtu wa ghorofa ya chini, ambaye kikasha chake sasa amekigeuza mbele na wanabishana siasa. Bi Mwanaharusi alikuwa kwenye kiti, miguu ameinyoosha, magoti yamekaza chini ya gauni. Zulia lilikuwa limekunjwa na kuegemezwa ukutani.

Kikasha kikatoa mlio wake mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mchana huu umekula nini, bibi, na saa ngapi?"

Bi Mwanaharusi hakuwa ameambiwa kwamba swali limebadilika. Salha akamwona akitafuta, macho yakienda jikoni na kurudi.

"Wali," akasema. "Wali wa nazi. Na samaki wa kukaanga. Saa saba hivi, nilipomaliza kuswali."

Sindano ya Mama Hiza ikasimama hewani.

"Wali wa nazi wa jiko gani?"

"Mama Hiza."

"Mimi nauliza tu. Nimekaa kwenye kiti hiki tangu kabla ya adhana. Huyo samaki alikaangiwa mfukoni?"

"Si wewe uliyeulizwa."

"Na nazi uliikuna saa ngapi? Maana ukikuna nazi humu mimi kule kwangu naisikia mpaka kwenye meno."

Bi Mwanaharusi akacheka, akajaribu kuzuia, akacheka tena mpaka machozi, na Salha naye akacheka. Kikasha kikangoja kwa adabu mpaka kicheko kikaisha.

"Niwie radhi, bibi, sikusikia vizuri. Umekula wali wa nazi?"

Salha alijua kwamba mama yake akisema ndiyo, kidonge kitadondoka. Kikasha hakijui harufu ya jiko. Angeweza kukizuia kwa bangili, kidole kimoja tu kingetosha, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya bangili. Lakini angekizuia leo. Kesho yupo kazini, kesho kutwa pia, na mama yake atakuwa peke yake na kijana wake mwenye adabu, na goti, na zulia lile ukutani.

Akautoa mkono.

Bi Mwanaharusi aliliangalia zulia. Akakiangalia kikasha, midomo ikatikisika kama anayetaka kusema lile neno lake la siku zote, na neno lenyewe lilikuwa karibu kabisa, limekaa mdomoni miaka sitini. Kisha akageuza uso. Hakumwangalia mwanawe. Alimwangalia Mama Hiza, na sauti yake ikatoka ndogo, ya mtoto aliyesimama mlangoni kwa watu.

"Sijala," akasema.

Akavuta pumzi.

"Sijala tangu jana."

"Basi dawa nitaishika, bibi," kikasha kikasema, "mpaka utakapokula."

Salha akafungua mdomo aombe radhi. Mama Hiza alikuwa amekwisha simama. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akajifunga kanga kiunoni, akavuka kwenda jikoni kwake, na milango yote miwili akaiacha wazi.